TAA YA NJANO KWENYE SUV YA FAMILIA: Ilizaliwa na Moshi wa Los Angeles, Ikaja Kuzibwa kwa Selotepu Dar

Kuna familia moja ya Tabata, majina yao yabaki nyumbani kwao, ilijichanga miaka mitatu ili iachane na kugombania daladala. Baba, mama na watoto watatu. Walitaka SUV, ile gari ya juu kidogo inayopita kwenye madimbwi ya Tabata bila kuomba dua, yenye buti la kubebea magunia ya mchele wakitoka kijijini. Wakaipata kwa dalali. Rangi ya fedha, ya Kijapani, ilishatumika Dar miaka kadhaa. Ndani safi, AC inagonga baridi, dashibodi haina hata taa moja inayowaka.

Baba akaizunguka mara mbili, akapiga teke tairi kama tunavyofanya wote tusiojua kitu, akasema hii hii. Hela ikatoka.

Miezi miwili mbele, gari ikaanza vituko. Kwanza mafuta. Ikawa inakunywa kama imetoka jangwani. Halafu taa ya ABS ikawaka, ikazima, ikawaka tena pamoja na taa nyingine mbili. Siku nyingine asubuhi inawaka vizuri, jioni kwenye foleni ya Ubungo inatetemeka kama ina homa. Fundi wa kwanza akabadilisha plagi zote na koili moja. Ikatulia wiki. Fundi wa pili akaja na mashine, akachomeka chini ya usukani, akasoma namba, akasema sensa ya oksijeni imekufa. Ikabadilishwa. Ikarudia. Ikabadilishwa tena.

Mpaka hapo hela iliyotoka ni ada ya muhula mzima ya mtoto mmoja.

Kabla hujasema gari ni kimeo na fundi ni tapeli, rudi nyuma kwanza. Hizi sensa (siyo ile sensa ya watu na makazi) zina historia ndefu, na ukiijua utaelewa kwa nini gari za leo zinaumwa magonjwa ambayo gari ya babu haikuwahi kuyasikia.

GARI YA BABU ILIKUWA NA WAYA CHACHE

Mwanzoni umeme kwenye gari ulikuwa wa kutoa cheche tu za kuwashia mafuta. Kuiwasha injini ilikuwa ni mtu na hendeli yake mbele ya gari, anazungusha kwa nguvu, na hendeli ikirudi nyuma inavunja mkono. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ikaleta gari yenye stata ya umeme, kazi ya mhandisi Charles Kettering na wenzake. Ukibonyeza, injini inawaka. Kwa hiyo stata, betri kubwa na jenereta vikaingia kwenye gari na havijatoka mpaka leo.

Kwa miaka mingi baada ya hapo umeme wa gari ulibaki kuwa mdogo: taa, honi, waipa, stata, redio. Kabureta ilichanganya hewa na mafuta yenyewe, kwa tundu na kwa sindano, bila kumuuliza mtu. Fundi alisikiliza kwa sikio. Akisikia injini inakohoa anajua mafuta yamezidi, akigeuza skrubu kidogo inakaa sawa. Ile Land Rover ya zamani au Peugeot 504 ilitengenezwa chini ya mwembe, na hiyo haikuwa hadithi.

Sasa nini kilitokea mpaka gari ikajazwa kompyuta?

Jibu ni moshi.

LOS ANGELES WALIDHANI WAMESHAMBULIWA

Julai 1943, katikati ya Vita ya Pili ya Dunia, jiji la Los Angeles kule California likafunikwa na ukungu mzito wa ajabu. Macho yanawasha, makoo yanakereketa, mtu haoni mbali. Kwa kuwa Marekani ilikuwa vitani na Japani, wapo watu waliodhani wamerushiwa gesi ya sumu na adui.

Adui hakuwepo. Ilichukua miaka kumjua mhalifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia mmoja mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, akaonesha kwamba moshi wa magari na wa viwanda vya mafuta ukipigwa na jua kali unageuka kuwa ule ukungu. Yaani jiji lilikuwa linajichoma lenyewe kila asubuhi watu wakienda kazini.

Kampuni za magari hazikufurahi. Lakini presha ilipanda mpaka Desemba 1970, Rais Richard Nixon akasaini sheria ya hewa safi iliyotaka gari mpya zipunguze sehemu kubwa sana ya uchafu kwenye moshi, kiasi cha asilimia 90 kwa baadhi ya gesi, na ilitaka hivyo ndani ya miaka michache. Kampuni kubwa za Marekani zikalia kwamba haiwezekani. Honda ya Japani wakaja na injini yao ya CVCC kwenye Civic, ikafikia kiwango bila hata kifaa cha kusafisha moshi. Fikiria aibu yake.

Wengine wengi walikimbilia sega. Ndiyo, lile lile sega ambalo vijana wa mjini wanalinunua kwa kilo. Ni kitu kama mzinga ndani ya bomba la ekzosi, kina vitundu vingi kama sega la nyuki, na kuta zake zimepakwa madini ghali ya jamii ya platinamu. Moshi mbaya ukipita humo unageuzwa kuwa gesi isiyo na madhara makubwa. Kuanzia magari ya mwaka 1975, Marekani ilianza kuwa na masega kwa wingi.

Tatizo la sega ni kwamba lina mdomo wa kuchagua. Mafuta yakizidi sana kwenye injini, linaweza kuungua. Hewa ikizidi, halifanyi kazi yake yote. Linataka mchanganyiko uwe sawasawa muda wote, na kabureta haikuwa na uwezo huo. Kwa hiyo akahitajika mlinzi wa kukaa kwenye ekzosi, aunuse moshi na kupeleka taarifa.

Mlinzi huyo ndiye sensa ya oksijeni. Bosch ya Ujerumani waliitoa mwaka 1976, na Volvo za kwenda Marekani zikawa za kwanza kuibeba. Ikipata moto inatoa umeme kidogo mno. Moshi ukiwa na oksijeni nyingi inatoa kama volti 0.1, oksijeni ikiwa chache inapanda mpaka kama volti 0.9. Kumbuka hiyo namba, itarudi.

Na umeme huo mdogo lazima kuwe na mtu wa kuusoma. Kompyuta ikaingia kwenye gari.

TAA IKAWAKA, FUNDI AKACHANGANYIKIWA

Mwaka 1981 General Motors wakaweka kompyuta kwenye karibu magari yao yote madogo ya petroli yaliyouzwa Marekani. Pamoja nayo ikaja taa ndogo kwenye dashibodi: kagua injini. Taa hii haikutengenezwa ili kukuambia injini inakufa. Kazi yake kubwa ilikuwa kusema kuna kitu kimeharibika na gari yako sasa inatoa moshi kuliko inavyotakiwa. Ilikuwa ni taa ya mapafu ya watu wa nje ya gari.

California, wale wale wa ukungu, wakaifanya kuwa sheria kwa magari ya kuanzia 1988: kompyuta ijipime yenyewe na iwashe taa ikiona hitilafu. Lakini kila kampuni ilikuja na soketi yake na lugha yake. Kwa baadhi ya gari ulikuwa unaunganisha matundu mawili kwa kijiwaya, halafu unakaa unahesabu taa inavyopepesa: mara moja ndefu, mara mbili fupi, namba 12. Fundi akawa kama mtu wa simu za upepo vitani.

Mwaka 1996 Marekani ikamaliza ubishi. Kila gari mpya ndogo ikawa na soketi ya aina moja yenye matundu 16, karibu na miguu ya dereva, na namba za hitilafu zinazofanana kwa wote. Ulaya nao wakafuata kwa gari za petroli mwaka 2001. Ndipo likatoka lile tundu ambalo fundi wa pili wa familia yetu ya Tabata alichomeka mashine yake.

Ila kuna kitu ambacho wengi hawakijui. Gari nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani lenyewe, miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, zina tundu lile lile kwa sura lakini ndani zinaongea lugha ya kampuni yao. Ndiyo maana kile kidude cha bluetooth unachokinunua kwa bei ya chipsi kuku kinagoma kuongea na gari yako, halafu unarudi kumtukana aliyekuuzia.

WAYA ZIKAWA NYINGI, ZIKAANZA KUSHIRIKIANA

Huku kompyuta ya injini inakua, wenzake nao wanazaliwa. Mwaka 1978 Mercedes-Benz S-Class ikapata breki za ABS za Bosch, zenye sensa za kupima kasi ya matairi. Zikafuata eabegi, giaboksi za kompyuta, AC za kompyuta, funguo zenye chipu. Kila kimoja na waya zake. Mzigo wa waya ndani ya gari ukawa mnene na mzito, kuupitisha kwenye mlango tu ni kazi.

Mwaka 1986, pale Detroit, Bosch wakatangaza njia mpya iitwayo CAN: kompyuta zote za gari zinaongea kwenye waya mbili za pamoja, kama vile grupu la WhatsApp la ukoo. Mmoja akituma, wote wanaona. Sensa moja ya tairi sasa inaweza kuitumikia ABS, giaboksi, mfumo wa kuzuia kuteleza na hata ule wa kuendesha matairi manne.

Safi sana, mpaka mmoja kwenye grupu aanze kusema uongo. Sensa moja ya tairi waya wake ukikatika, taa tatu zinawaka kwa mpigo. ABS inalalamika, mfumo wa kuteleza unajitoa, nao wa matairi manne unakataa kazi. Dashibodi inakuwa kama baa ya Sinza Ijumaa usiku. Mwenye gari anaona magonjwa matatu, kumbe ni waya mmoja uliosuguana na chuma nyuma ya tairi.

Hapo hapo ndipo SUV za familia zikaingia mjini. Toyota RAV4 ilitoka 1994, Honda CR-V 1995, Subaru Forester 1997, Nissan X-Trail 2000. Gari za kumpeleka mtoto shule Jumatatu na kwenda kijijini Jumamosi, na ndani zimebeba sensa na kompyuta kuliko Land Rover zote za babu ukizijumlisha.

ZIKATUA BANDARINI

Kwa Tanzania, mlango ulifunguliwa na biashara huria ya katikati ya miaka ya 1980, ikashika kasi enzi za Mzee Ruksa, Ali Hassan Mwinyi. Mitumba ya nguo ikaja, mitumba ya magari nayo ikafuata. Japani ilitufaa kwa sababu mbili za wazi. Wao wanaendesha kushoto kama sisi, na kwao gari mpya inakaguliwa baada ya miaka 3 halafu kila baada ya miaka 2, kwa gharama inayouma, kwa hiyo wengi wanaona bora kuiuza kuliko kuikagulisha. Kenya wao waliweka mpaka, gari iliyozidi miaka 8 haiingii. Tanzania inaingia, ila unailipia kodi ya uchakavu.

Lakini kuna jambo moja la zamani limesahaulika kabisa. Zile gari za mwanzo zenye masega na sensa za oksijeni zilitoka Japani, nchi iliyokuwa imeshaachana na madini ya risasi kwenye petroli ya magari tangu miaka ya 1980. Huku kwetu zikajazwa petroli yenye risasi. Risasi kwa sega na kwa sensa ya oksijeni ni sumu. Inazipaka, inaziziba pumzi, zinakufa. Nchi za Afrika zilikubaliana pale Dakar mwaka 2001 kuiondoa risasi, na ilipofika Januari 2006 nchi za kusini mwa Sahara zilikuwa zimehamia kwenye petroli isiyo na risasi.

Kwa hiyo kulikuwa na miaka mingi ambapo taa ya njano iliwaka kwenye gari za watu, na fundi alikuwa na sababu ya kweli ya kusema, "Achana nayo bosi, hizi taa za Wajapani huku haziwezi mazingira." Mafuta yakabadilika. Ile kauli haikubadilika. Fundi akamfundisha kijana wake, kijana akamfundisha mwenzake: taa ya njano ipuuze, ikikukera ziba. Na sega, kwa kuwa "halina kazi", likatolewa na kuuzwa, maana lile lina madini ya hela. Bomba likachomelewa likiwa tupu.

USIKU WA MKATA

Turudi kwa familia yetu. Desemba ikafika, safari ya Moshi kula Krismasi na bibi. Wakatoka Dar saa nane mchana, foleni ya Kibaha ikawapotezea muda, jua likazama wakiwa wameshapita Chalinze. Maeneo ya Mkata, giza tororo, gari ikazima ikiwa mwendo. Haikukohoa wala kutetemeka. Ilikata tu kama taa ya Tanesco. Usukani ukawa mzito kama jiwe, breki ikawa ngumu. Nyuma kuna lori linapiga honi.

Baba alipambana akaifikisha pembeni, nusu kwenye lami nusu kwenye majani. Mama akawatoa watoto, akawapeleka mbali na barabara, akakata matawi akaweka nyuma ya gari kwa sababu pembe tatu ya kuakisi haikuwepo kwenye buti. Mabasi yalikuwa yanapita karibu mpaka upepo wake unainua kanga. Mtoto mdogo alikuwa analia, anataka kurudi ndani ya gari akalale. Mama alimshika mkono dakika zote zile, hakuuachia.

Baada ya dakika kama 40 baba akajaribu ufunguo. Ikawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Ilizima tena mara mbili kabla ya Korogwe, na kila mara ikipoa inawaka.

Hakuna aliyezungumza ndani ya gari mpaka wanafika.

FUNDI WA TATU

Waliporudi Dar, jirani akawaelekeza kwa mzee mmoja fundi umeme, ana kibanda Buguruni, hana hata kibao. Baba akaanza kumweleza historia yote ya sensa zilizobadilishwa. Mzee akamkatisha.

"Weka ufunguo, washa swichi tu. Injini usiwashe."

Baba akafanya hivyo. Taa za dashibodi zikawaka: betri, oili, ABS, eabegi.

"Ya injini iko wapi?" mzee akauliza.

Baba akaangalia. Haikuwepo. Kwenye gari nzima ukiweka swichi hivyo, taa ya injini lazima iwake kwanza, gari inakuonesha kwamba taa yenyewe ni nzima, halafu inazima injini ikishaunguruma. Hii haikuwaka kabisa. Mzee akafungua dashibodi taratibu. Nyuma ya alama ya injini palikuwa na kipande cha selotepu nyeusi, kimekatwa vizuri kwa mkasi, kimebandikwa kwa utulivu. Mtu alikaa chini akaifanya hiyo kazi siku gari inaenda sokoni.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza, "Kwa hiyo tangu tunainunua ilikuwa inatuambia?"

"Tangu mnainunua, mama," mzee akajibu.

Ndiyo kusema wale mafundi wawili wa mwanzo walitibu bila kuangalia uso wa mgonjwa. Yule wa mashine alisoma namba sahihi kabisa, ila namba haisemi badilisha kifaa gani. Inasema malalamiko yametokea wapi. Namba P0420, kwa mfano, maana yake sega halisafishi inavyotakiwa. Kompyuta inajuaje? Kuna sensa moja ya oksijeni kabla ya sega na nyingine baada yake. Zikianza kusoma sawa, sega haifanyi kitu. Sasa kama sega halipo kabisa, bomba tupu, unaweza kubadilisha hizo sensa kila wiki na namba itarudi tu. Ukiifuta kwa mashine itakaa safari chache, kompyuta ikijipima tena inaiandika upya.

Ndicho kilichokuwa kwenye gari hii. Mzee akagonga bomba kwa kidole, likalia kama debe tupu.

Halafu akatoa mita yake, akaanza kufuata waya badala ya kubadilisha vitu. Waya wa hasi unaoshika kwenye injini na bodi ulikuwa umeota kutu ya kijani, umeshikilia kwa nyuzi chache. Hapa rudisha ile namba uliyoambiwa uikumbuke. Sensa ya oksijeni inaongea kuanzia volti 0.1 mpaka 0.9. Waya wa hasi ukiwa mbovu, unaweza kupoteza sehemu ya kumi ya volti njiani, zaidi ukiwasha taa na AC. Kwa betri ya volti 12 hiyo si kitu. Kwa sensa ni sawa na kubadilishiwa maneno mdomoni. Kompyuta inaambiwa uongo, inamwaga mafuta. Ndiyo maana gari ilikuwa inatetemeka jioni kwenye foleni, taa zote zimewashwa.

Taa za ABS zilikuwa ni waya wa tairi la nyuma kulia, umesuguliwa. Na kuzima kule Mkata? Sensa ya krenki. Hii inahesabu meno yanayozunguka pamoja na injini ili kompyuta ijue muda wa kutoa cheche. Ikizeeka, joto likipanda inapoteza mawasiliano ndani yake, kompyuta inadhani injini imesimama, inakata kila kitu. Ikipoa inarudi. Hakuna sensa inayosumbua kama hii kwa mtu wa safari ndefu, kwa sababu gereji kwa fundi asubuhi gari ni nzima.

Mzee akasafisha waya wa hasi na kuufunga upya, akaunga waya wa ABS, akaweka sensa ya krenki orijino, zile feki akazikataa. Hela yote iliyotoka haikufika nusu ya ile waliyokula wale wa mwanzo. Selotepu akaibandua. Taa ya njano ikawaka na ikabaki inawaka, kwa sababu sega halipo na sega jipya bei yake ni ya kukaa chini kwanza.

BEI YA SELOTEPU

Gari ikatulia. Lakini mama alikuwa ameshaichoka. Kila wakipita Kibaha anashika mlango. Wakakubaliana kuiuza.

Dalali akaja, akaisifia, akakaa kwenye usukani, akaiona taa. Akacheka. "Bosi, hii taa itakupunguzia hela nyingi. Niachie dakika kumi tu, naiziba, hakuna atakayejua."

Baba hakujibu haraka. Alikuwa na ada inayosubiri, na tofauti ya bei ilikuwa kubwa. Ndiyo ukweli wa watu wengi, tusijifanye malaika. Jioni akamweleza mkewe, akitegemea atakubali kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anataka iuzwe haraka.

Mama akamuuliza swali moja. "Yule aliyetuuzia sisi, unadhani alikuwa na watoto?"

Baba akanyamaza.

"Basi na yeye alikuwa na ada," mama akasema, akaenda kuosha vyombo.

Gari iliuzwa taa ikiwa inawaka, pamoja na karatasi ya mzee wa Buguruni iliyoandikwa kwa mkono: kilichotengenezwa, kisichotengenezwa. Ilikaa sokoni wiki nyingi kuliko walivyotaka, na aliyeinunua alishusha bei kwelikweli. Walipata hasara, na baba hajaacha kuitaja.

Taa ile ilibuniwa kwa sababu watu wa jiji moja walichoka kuvuta moshi. Ikapita kwa maabara, kwa sheria, kwa viwanda vya Japani, ikavuka bahari mpaka Dar, na kilichoinyamazisha ni kipande cha selotepu cha shilingi mia.

Ukienda kununua gari ya mtumba, hata kama ndani inang'aa na inanukia pafyumu, omba ufunguo. Washa swichi, injini usiiwashe. Hesabu taa. Ya injini isipowaka, rudisha ufunguo, sema asante, ondoka. Ikiwaka halafu ikazima injini inapounguruma, hapo sasa endelea na mambo mengine, na umlete fundi mwenye mita, siyo mwenye mashine peke yake.

Na wewe unayeuza wiki hii, taa yako inawaka au umeshaiziba? Funguka hapo chini, jina si lazima.